Kutoka "mengineyo" mpaka "yatokanayo": namna ya kuipeleka kero ya mtaa mpaka ijibiwe, kwa sisi wa Mtwara

Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Naandika hii kwa sababu kila mvua ikinyesha Mtwara simu yangu inajaa picha. Maji mpaka magotini, kiti cha plastiki kinaelea, mtoto anavuka viatu mkononi, na chini yake mtu kaandika "viongozi mko wapi". Alafu jua likiwaka siku tatu, na mchanga wetu huu unavyonywa maji, basi kero nayo inakauka mpaka mwakani. Na mimi nilikua hivyohivyo miaka miwili mizima, napiga picha, natuma, nalaumu, nalala.

Mtaani kwetu (siutaji jina, ni mjini hukuhuku, ukitoka sokoni unatembea kama robo saa) tulikua na mambo mawili. La kwanza mtaro uliojaa mchanga mpaka ukiuona unadhani ni njia ya miguu. La pili uchochoro wa giza ambao mama zetu wanaotoka kuuza samaki feri wakipita saa moja usiku wanaporwa simu na vipochi. Tumelalamika sana tu. Kila mkutano anasimama mtu, anaongea kwa uchungu, watu wanapiga makofi, mwenyekiti anasema "tumelichukua", tunaondoka. Mpaka siku moja mzee mmoja mstaafu aliyewahi kua karani akaniita pembeni akaniambia njomba, nyie mnasemea kwenye mengineyo, kwenye mengineyo hakuna kinachoishi.

Sikumwelewa siku ile. Nikaenda kumsikiliza kwake, nikaelewa, na haya yote chini nimeyajua kwake na kwa kujikwaa mwenyewe.

Ni hivi. Mkutano wa mtaa una mpangilio wake. Unafunguliwa, unasomwa muhtasari wa mkutano uliopita, yanakuja yatokanayo, inasomwa taarifa ya mapato na matumizi, zinaingia ajenda za siku hiyo, na mwisho kabisa mengineyo, ambapo watu wameshaanza kukunja viti na mtendaji ameshafunika kalamu. Ukisema kitu pale kinabaki hewani. Kikiingia kama ajenda kinajadiliwa, kinapata azimio, azimio linaandikwa, na mkutano unaofuata linasomwa kwenye yatokanayo mbele ya watu wote na mtu anaulizwa limefikia wapi. Kwaiyo kazi yako kama mkazi ni kuitoa kero yako kwenye mengineyo uifikishe kwenye yatokanayo. Kelele sio kazi, muhtasari ndo kazi.

HATUA YA 1: Jua hicho kitu ni cha nani

Hapa ndo tulipotezea mwaka wa kwanza, na kosa lilikua letu. Tulikua tunaenda manispaa kulalamikia barabara na mtaro wake, tunapokelewa vizuri tunapewa viti tunaondoka, kumbe barabara za mitaani tangu 2017 ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini). Mkurugenzi wa manispaa anaweza kukusikiliza na kukuombea lakini bajeti ya ile barabara haikai mezani kwake.

Kwa kifupi huku kwetu iko hivi. Barabara kubwa, ile ya kwenda Lindi inayopita Mikindani pembeni ya bahari, na ile ya kwenda Newala na Masasi, hizo ni TANROADS (wakala wa barabara kuu). Za ndani ya mji na za mitaani ni TARURA, na mtaro ulio ubavuni mwa barabara unaenda na barabara yake. Maji ya bomba na majitaka ni MTUWASA (Lindi ni LUWASA, Masasi na Nachingwea ni MANAWASA, vijijini ni RUWASA). Nguzo na nyaya ni TANESCO. Taka, soko, stendi, vibali vya ujenzi, viwanja vya wazi, shule za msingi na zahanati hayo ni ya halmashauri. Taa za barabarani zinachanganya kidogo, taa zinawekwa na mwenye barabara au mradi fulani na umeme ni wa TANESCO, kwaiyo taa ikizimika usikimbilie kulaumu, muulize kwanza mtendaji nani anaihudumia.

Kwa huduma za maji na umeme, ukilalamika ofisini kwao kwa maandishi na usipojibiwa, kuna EWURA, mdhibiti wa huduma hizo, juu yao. Wengi hawajui, wanaishia kutukana dirishani.

Na watu pia wajulikane. Mwenyekiti wa mtaa tumemchagua wenyewe (mara ya mwisho ni 27 Novemba 2024), hana mshahara wa serikali. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa, ndo katibu wa mkutano na ndo anaandika muhtasari, kwaiyo huyu ni mtu wako muhimu kuliko unavyodhani, msalimie vizuri. Balozi wa nyumba kumi ni wa chama, sio wa serikali ya mtaa. Anaweza kukusaidia kwa kua anawajua watu, lakini kero ukimwachia yeye peke yake haina pa kuandikwa. Walio vijijini, Tandahimba, Nanyumbu, Mtwara Vijijini na kwengineko, nyie badala ya mtaa mna kitongoji na kijiji, na kijiji kina halmashauri yake ya watu 15 mpaka 25 na mkutano mkuu, mambo mengine yanafanana.

HATUA YA 2: Nenda na kitu cha kushika mkononi

"Mtaro mbovu" haina maana yoyote kwa mtu wa ofisini. Sisi tulichukua kamba ya kuanikia nguo tukaifunga fundo kila mita moja, vijana watatu na mimi, tukapima mtaro kuanzia kwenye kalvati mpaka unapoishia kwenye bonde. Tukaandika urefu, tukaandika sehemu zilizoziba, tukahesabu nyumba zinazoingia maji, mlango kwa mlango, zikawa 14. Tukaandika na sababu, kwa sababu mtaro ule haukuziba kwa bahati mbaya. Kuna waliokua wanamwaga kifusi cha ujenzi, kuna aliyejenga baraza ikala nusu ya mtaro, na tuseme ukweli kuna sisi wenyewe na maganda yetu ya madafu. Andika na hilo. Ofisa akija akakuta umeficha upande wako wa kosa hakuamini na mengine.

Picha piga asubuhi ya mvua na piga tena kiangazi, sehemu ileile, simama palepale, ukipata kitu cha kudumu kwenye picha kama mwembe au ukuta wa msikiti ni vizuri zaidi maana hakuna wa kukwambia hapa sio hapa.

Kwa ule uchochoro wa giza ilikua kazi zaidi. Mama anaporwa simu anaona aibu, anasema tu ahh riziki, yameisha, haendi polisi. Bila taarifa polisi hakuna tukio, na bila tukio mtaa wenu kwenye karatasi ni salama kabisa. Ikabidi dada mmoja anayeuza ming'oko (vile viazi pori vya huku) pale kona, anayeongea na kila mtu, akubali kushika daftari. Tarehe, saa, kimeibiwa nini, mtu ameripoti au hajaripoti. Majina tulikubaliana yasiandikwe. Miezi michache tu ukalisoma unaona kabisa: mengi ni kati ya saa moja na saa tatu usiku, mengi ni siku ambazo umeme umekatika. Hiyo ni taarifa. Polisi kata wetu alivyoiona aliomba apige picha kurasa zote.

HATUA YA 3: Iingize kwenye ajenda kabla, sio siku yenyewe

Nenda ofisi ya mtaa kabla mkutano haujatangazwa. Muulize mtendaji mkutano ujao ni lini, maana mikutano ya mtaa ina ratiba kisheria, sio hisani ya mtu. Mpe karatasi moja tu, mistari michache: sisi wakazi fulani tunaomba ajenda ya mtaro kutoka hapa mpaka hapa, tumeambatanisha vipimo na picha. Sahihi za watu hata ishirini zinatosha. Baki na nakala na mwombe aisaini kua amepokea, kwa adabu, usimfanye ajione yuko mahakamani.

Akikwambia "utaongea kwenye mengineyo", cheka kidogo alafu mwambie hapana mheshimiwa, hii naomba iwe ajenda. Mtendaji wetu wa kwanza alikataa. Tukaenda kwa mwenyekiti na wajumbe wawili wa kamati ya mtaa, wakamwambia yeye, yakaisha. Usimruke mtu kabla hujampitia, ukianza na ofisi ya mkuu wa wilaya wakati mtendaji wako hana habari, barua itarudishwa kwake hukohuko na ameshanuna.

Nimeambiwa mara nyingi kwanini tusikusanyike tu barabarani na mabango. Jamani, sisi ni Mtwara. Yaliyotokea 2013 ya gesi (watu walipinga bomba la kuipeleka Dar) kila mwenye umri wa kukumbuka anakumbuka, Januari kulikua na vurugu na Mei ile siku ya bajeti ya nishati mji ukawaka, watu walikufa. Mpaka leo ukiita watu zaidi ya kumi chini ya mkorosho kuna mzee atakuuliza kibali kipo? Mkutano wa mtaa upo kisheria, hauna haja ya mtu kuogopa, kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake. Tumia mlango ambao tayari ni wako.

HATUA YA 4: Siku yenyewe

Jaza watu. Akidi (idadi ya watu inayotakiwa) isipotimia mkutano unaahirishwa na ajenda yako inalala. Hapa ndo kalenda ya kusini inaingia, nitarudi chini. Kwa sasa jua tu kwamba mkutano uliopangwa siku ya mnada wa korosho au siku kuna kucheza unyago nyumba ya tatu, hupati mtu.

Mpangeni mapema nani anaongea. Sisi tuliweka watatu, mama mmoja mwenye nyumba inayoingia maji, kijana mwenye vipimo, na yule mzee karani mstaafu afunge. Dakika tatu tatu. Wengine wote kazi yao kunyamaza na kuunga mkono. Mkiongea kumi na tano mtaanza kupingana wenyewe, na kweli kuna bwana mmoja alisimama akaanza habari ya mpaka wa kiwanja chake na jirani, nusu saa ikaenda hapo.

Alafu, na hapa msikie vizuri, msiondoke bila azimio. Azimio sio "tumelichukua". Azimio lina nani, nini, lini. La kwetu lilisomeka hivi karibu neno kwa neno: mkutano umeazimia ombi la kuzibua na kujenga mtaro lipelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata kikao kijacho, mtendaji wa mtaa apeleke na vipimo, na wakazi watazibua sehemu ya juu kwa nguvu zao siku ya Jumamosi. Mwombeni mtendaji alisome kwa sauti kabla mkutano haujafungwa. Ukimwacha akaandike nyumbani utakuta "wananchi walishauri usafi uzingatiwe".

HATUA YA 5: Lifuate kwenye kata

Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa yote wapo humo. Pale mtaa wenu unagombea na mitaa mingine. Mwenyekiti wetu kwa mdomo alikua anasema "kwangu mitaro mibovu", wa mtaa wa pili naye "na kwangu", basi ngoma droo. Alivyoenda na karatasi yenye mita na nyumba 14 na picha mbili, diwani aliiweka juu. Sisemi tulikua na shida kubwa kuliko wenzetu, pengine hapana. Tulikua na karatasi.

Kutoka hapo inaenda halmashauri kupitia kamati zake na baraza la madiwani. Kila robo mwaka madiwani wanawasilisha taarifa za kata zao, na mikutano ya kawaida ya baraza ni ya wazi, unaruhusiwa kuingia ukakaa nyuma ukasikiliza ingawa huongei. Nendeni wawili watatu. Sisi tulienda wanne, mmoja kavaa kanga ya sherehe kabisa. Diwani akitupa jicho anatuona, akiisoma kata yake anaisoma vizuri.

HATUA YA 6: Barua, kwa mambo ambayo hayasubiri vikao

Andika kwa Kiswahili cha kawaida tu cha ofisini. Juu kulia anuani yenu na tarehe, kushoto unayemwandikia, chini yake K.K. (kupitia kwa) mtendaji wa kata na mtendaji wa mtaa ili ipite kwao, alafu YAH: (yahusu, yaani kichwa cha barua) kwa herufi kubwa. Aya ya kwanza tatizo, ya pili vipimo, ya tatu mnachoomba. Ukurasa mmoja. Nakala kwa diwani na kwa TARURA au anayehusika. Historia ya mtaa tangu enzi ya mpango wa karanga wa Mwingereza iache, hata kama ni tamu.

Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Barua yetu ya kwanza tuliyompa mtu mkononi kwenye korido ya ofisi moja haikuonekana tena duniani, kila mtu anasema hajaiona, na sisi hatuna hata picha yake.

Na kama unataka kujua fedha za mradi fulani mtaani kwenu zilikua kiasi gani na zimeenda wapi, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Unaomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Niliitumia mara moja. Jibu lilikuja siku ya 27, fupi, lakini lilikuja.

KALENDA (hii ndo ningeambiwa mapema ningepona)

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Lakini ukienda Julai umechelewa, hela zimeshapangwa. Maombi yanatakiwa yawe yamepita mtaani na kwenye kata mwishoni mwa mwaka, kama Oktoba mpaka Desemba, kwa sababu halmashauri inapitisha rasimu yake mwanzoni mwa mwaka unaofuata na Bunge linakaa na bajeti kuanzia Aprili mpaka Juni. Sasa linganisha na maisha ya huku. Oktoba mpaka Desemba ndo korosho. Nusu ya mtaa wako wako mashambani Nanyamba na Tandahimba wanaokota, waliobaki mjini wanabeba magunia maghalani au wanasubiri malipo. Hakuna mtu wa mkutano. Mvua nazo zinaanza huko mwishoni mwa Novemba au Desemba na zinaenda mpaka Aprili, huku kwetu ni msimu mmoja mrefu. Watu wanakumbuka mtaro Februari ukiwa umejaa, wakati bajeti ndo inafungwa.

Kwaiyo sisi tuligeuza. Vipimo na mkutano tunafanya Agosti na Septemba, jua kali, watu wapo, shamba limepoa. Azimio linafika kata kabla ya Novemba. Picha za mvua tunatumia za msimu uliopita. Na kama kuna mchango wowote wa hiari tunaupanga baada ya malipo ya korosho kutoka, maana mtu akishalipwa hata elfu kumi haimuumi, ukimfuata Juni atakuonyesha mfuko umegeuzwa ndani nje.

Kiangazi, Juni mpaka Oktoba, ndo wakati wa kujenga na kuzibua. Ukiona mkandarasi anachimba mtaro Januari mpigie makofi kwa ujasiri wake.

PESA ZA MTAANI

Kwa majengo kama zahanati au darasa, utaratibu unaojulikana ni wananchi kuanza kwa nguvu zao, msingi na kuta, serikali inakuja kumalizia boma, yaani hilo jengo lisiloisha. Unafanya kazi lakini una mtego: muulizeni mkurugenzi KABLA hamjachimba msingi kama eneo na ramani vimekubaliwa, kuna maboma mengi yameota majani kwa sababu yalijengwa mahali ambapo hayatakiwi. Kazi zikija za fedha za serikali kwa mafundi wa kawaida kunakua na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zenye wananchi ndani. Ingieni, na kwenye ile ya mapokezi wekeni mtu anayejua kuhesabu mifuko ya saruji na haoni aibu kuhesabu mara mbili. Wa kwetu ni bibi mmoja mfupi muuza kahawa. Hapitwi.

Kuna pia Mfuko wa Jimbo, upo kwa sheria ya 2009, kamati yake inaongozwa na mbunge. Vitu vidogo vidogo kama mabati, madawati, kalvati moja, vinaweza kutoka huko, lakini nako wanataka kuona ombi limetoka kwenye mtaa na kata. Mnaona? Tunarudi kwenye muhtasari.

Mchango wowote mtakaochangishwa uwe umekubaliwa kwenye mkutano, na upewe risiti. Ada ya halmashauri inalipwa kwa namba ya malipo au mashine, sio kwenye kiganja. Mtu akikulazimisha bila risiti, TAKUKURU (wa kuzuia rushwa) namba yao ni 113.

ULINZI

Hili nimeliacha mwisho lakini kwetu ndo lilikua na moto zaidi.

Ulinzi shirikishi unaruhusiwa na unasaidia, ila hauanzishwi na grupu la WhatsApp. Unaanzia kwenye mkutano wa mtaa, majina ya vijana yanapitiwa na wakazi wote wakiwepo, yanapelekwa kwa polisi kata, na yeye anakaa nao kuwaambia mipaka. Mipaka yenyewe ni rahisi: mnazunguka, mnaangalia, mkimkamata mtu mnampeleka kituoni. Basi. Hampigi, hamhoji, hamtozi mtu faini kwa kutembea usiku.

Nasema hivi kwa sababu mwaka mmoja kabla hatujajipanga, usiku, mtu alipiga kelele za mwizi na kijana mmoja akazungukwa. Alikua mgeni, katoka Newala siku hiyohiyo, anatafuta nyumba ya shangazi yake. Aliokolewa na mama aliyetoka na ndoo ya maji akawamwagia wote. Shangazi yake ni mtu tunayesali naye. Mpaka leo nikikutana naye naangalia chini, maana na mimi nilikua nimetoka na fimbo.

Kwa sasa vijana wetu wanane wana vitambulisho vya mtaa, filimbi na tochi, wanazunguka wawili wawili, zamu inabandikwa ofisi ya mtaa. Mchango wa chai na betri tuliukubali mkutanoni na unasomwa kwenye mapato na matumizi kama pesa nyingine. Mambo ya ndani ya nyumba, mama anapigwa au mtoto anateswa, vijana wa ulinzi sio wa kuyamaliza kwa suluhu za barazani. Yanaenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na kwa mtoto kuna 116 simu bure. Polisi 112, zimamoto 114. Ziandikeni ukutani ofisi ya mtaa kwa rangi, maana karatasi huku inaliwa na unyevu wa bahari mwezi mmoja tu.

Na grupu la mtaa liwe na adabu yake. Kwetu tumeweka sheria tatu: hakuna picha ya mtuhumiwa, hakuna "nasikia", na mambo ya siasa za vyama yana magrupu yao. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ukisambaza uongo kuhusu mtu ni wewe utakayeitwa, sio mwizi. Grupu linatumika kutangaza mkutano, kutuma picha ya azimio, na kuulizana nani ana ngazi ndefu.

Uchochoro wenyewe, kabla ya taa ya serikali, tulimwomba mwenye duka wa kona na mwenye nyumba wa katikati kila mmoja aweke taa moja ya sola nje. Mwenye nyumba mmoja alikataa katakata akasema watoto watakaa hapo kucheza karata. Na kweli wanakaa wanacheza karata mpaka saa nne, na simu haziibiwi tena pale, kwaiyo tumewaacha wacheze.

Onyo dogo la matuta: watu wakigongewa mtoto na bodaboda wanamwaga udongo katikati ya barabara usiku. Naelewa hasira. Lakini tuta la kujitengenezea linaua wa bajaji asiyelijua, na kwenye barabara ya TANROADS ndo kabisa mtaitwa. Ombeni tuta au alama kwa njia ileile, mwalimu mkuu wa shule aweke sahihi, hayo mara nyingi yanajibiwa haraka kuliko mtaro kwa sababu ni rahisi.

ILIPOFIKIA KWETU

Mtaro umezibuliwa wote na nusu ya juu imejengwa kwa mawe, ile nusu ya chini kuelekea bondeni bado. Yule bwana wa baraza amevunja mwenyewe baada ya kupata barua ya manispaa, hakutusalimia wiki mbili sasa anatusalimia. Msimu uliopita maji yameingia nyumba tatu badala ya 14, na hizo tatu ndo ziko chini huko. Mkutano ujao ni Jumapili saa kumi jioni pale kwenye mwembe, ya pili kwenye ajenda baada ya muhtasari ni yatokanayo, na yatokanayo namba moja ni hiyo nusu ya chini. Wa mtaa wetu mnaosoma hapa njooni na viti vyenu, vya shule vimefungiwa. Na daftari la uchochoroni bado liko kwa dada wa ming'oko, ukiporwa kitu pita umwambie, hata kama ni kandambili.